WASIWASI NA DAWA YAKE: KWA NINI MMOJA HUPONA NA MWENZAKE ASIPONE?

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa zetu tumeletewa suali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa maneno mawili, kwani wenye kupatikana na jambo hili katika miji yetu ni wengi, na wengi wao wanalificha kwa haya. Muulizaji asema: Kuna mtu amepatikana na wasiwasi katika udhu na sala, hata amekuwa haiwahi tena jamaa. Watu wake wakampeleka kwa daktari, akapewa vidonge. Akavila wiki tatu asione nafuu. Na jirani yake, mwenye maradhi hayo hayo, alikula vidonge hivyo hivyo akapona. Sasa nyumbani wamegawanyika. Baadhi yao wasema hii ndiyo dalili kwamba si maradhi ya hospitali, ni shetani, apelekwe kwa mganga akapungwe pepo. Na wengine wasema ni upungufu wa imani. Lau angekuwa na imani madhubuti asingekuwa hivi. Je, haki ni ipi katika maneno haya?

Jawabu yetu ni kwamba maneno yote mawili si sawa, na tutaeleza kwa nini, inshallah.

Kwanza yatupasa tujue wasiwasi tunaousema ni upi. Hapana mtu ila hupitiwa na shaka: nimefunga mlango au sikufunga? Nimepaka kichwa au sikupaka? Shaka kama hiyo huja ikapita. Lakini kuna wasiwasi mwingine ambao ni maradhi. Mwenye nao huosha mkono mara kumi, akajua kwa akili yake kwamba mkono umetwahirika, na juu ya hayo moyo wake ukakataa kutulia mpaka aoshe mara ya kumi na moja. Hutia niya, akaivunja, akaitia tena, imamu yuko katika rukuu. Wako waliochubuka ngozi za mikono kwa sabuni. Wako wanaojiwa na fikra za kumtukana Mwenyezi Mungu, au za kumdhuru mtoto wao wenyewe, nao wanazichukia fikra hizo kuliko mauti, na hawathubutu kumwambia mtu. Matabibu wamehisabu kwamba kiasi cha watu 2 katika kila 100 hupatikana na maradhi haya katika umri wao. Ikichukuliwa hesabu hiyo kwa Mombasa, ambayo katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu zaidi ya 1,200,000, itakuwa zaidi ya watu 20,000. Basi huyo jamaa yenu si kioja.

Wala jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Sheikh Abu Muhammad Al-Juwayni, babake Imamul-Haramayn, aliyefariki mwaka 438 wa Hijra, aliandika kitabu juu ya wasiwasi, na yeye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki mwaka 620 wa Hijra, aliandika risala ya kuwalaumu wenye kuufuata wasiwasi katika twahara. Na kabla yao wote, Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaigawa sehemu ya nafsi katika maradhi ya hasira, na khofu, na huzuni, na wasiwasi akaupa mlango wake peke yake. Mwanachuoni huyu Mwislamu aliufahamu wasiwasi kuwa ni maradhi yatakayo kutibiwa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na sisi leo bado twauza mbuzi tumlipe mpunga pepo.

Ama hayo ya upungufu wa imani, yamepokewa katika Sahih Muslim kwamba baadhi ya sahaba walimshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba waona katika nafsi zao mambo ambayo ni makubwa mno kwao kuyatamka. Mtume hakuwakemea wala hakuwaambia imani yao ni haba, bali aliwajulisha kwamba kule kuyachukia kwao ndiyo imani iliyo wazi. Basi yule anayemwambia mgonjwa kwamba hana imani amesema kinyume cha mafunzo haya, na amemzidishia mzigo mtu ambaye mgongo wake umekwisha kupinda.

Na kusema kwamba shetani hutia wasiwasi ni kweli, nayo imo katika Qur'ani. Lakini kuwako kwa shetani hakuondoi kuwako kwa maradhi. Mtu hujikinga kwa Mola wake, akaomba dua, akajisomea, na pamoja na hayo akala dawa. Ramli, hirizi na kupunga pepo si katika dini wala si katika utabibu.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo penye suali lenyewe.

Tiba ya maradhi haya ni ya namna mbili. Namna moja ni ya mazoezi. Katika mwaka 1966 tabibu wa nafsi aitwaye Victor Meyer, mjini London, alieleza khabari za wagonjwa aliowaweka mbele ya kile wanachokiogopa, kisha wakazuiwa wasioshe wala wasirudie, mpaka khofu ikapungua yenyewe. Namna hii ndiyo inayotumika mpaka leo, na yafaa sana. Na sisi hatuwezi kujizuia kutaja kwamba Ibn Hajar Al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, na ambaye fatwa zake zimesomwa katika pwani hii vizazi kwa vizazi, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu kwamba dawa ifaayo ni kuupuuza moja kwa moja, hata kama nafsi ina shaka ya namna gani. Huyu ni mwanafiqhi na yule ni tabibu, na baina yao ni miaka mia nne, na nasaha zao zakaribiana.

Namna ya pili ni vidonge. Cha kwanza kujulikana kuwa chafaa ni klomipramini, ambayo matabibu wa Hispania waliandika khabari zake mwaka 1967, na serikali ya Marekani ikaikubali kwa maradhi haya mwaka 1989. Zikafuata nyingine zilizo nyepesi zaidi kwa mwili: fluvoksamini, fluoksetini, setralini na paroksetini. Zote hizi hushughulika na kitu kiitwacho serotonini, ambacho ni miongoni mwa vitu vinavyochukua khabari kutoka chembe moja ya ubongo hata nyingine.

Na hapa pana jambo ambalo kama jamaa za mgonjwa wangeambiwa tangu siku ya kwanza, ugomvi wote huo usingetokea. Dawa hizi si kama dawa ya kichwa, ambayo mtu huimeza magharibi akapoa kabla ya isha. Katika maradhi ya wasiwasi hutakikana wiki 8 hata 12, na kwa kipimo ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko kile wanachopewa wenye maradhi ya huzuni, ndipo iweze kusemwa kwamba dawa imefaa au haikufaa. Basi mwenye kula wiki tatu bado hajaijaribu dawa; ameionja tu. Na hata baada ya kuijaribu kwa ukamilifu wake, ni kiasi cha nusu tu ya wagonjwa wanaopata nafuu ya kutosha kwa dawa ya kwanza. Nusu ya pili huwa wataka kubadilishiwa, au kuongezewa, au kuunganishiwa na mazoezi tuliyoyataja.

Kwa nini huyu nusu hii na yule nusu ile? Sababu moja ni urithi.

Maradhi yenyewe yana asili ya urithi. Wataalamu wamewachunguza mapacha, wakaona kwamba karibu nusu ya sababu zinazomfanya huyu apatikane na asipatikane yule hutokana na yale waliyoyarithi kwa wazee wao, na iliyobaki hutokana na yaliyowapata duniani. Na mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 50,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya, uliogundua mahali 30 katika jeni za binadamu panapohusiana na maradhi haya. Jeni ni maandishi madogo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, ambayo mtoto huyapokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Mirathi haya hayafuati mafungu ya faraidhi: baba na mama hutoa sawasawa, na mtoto wa kike hupata kama mtoto wa kiume. Lakini nakala ipi katika mbili za baba, na ipi katika mbili za mama, hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na kwa sababu hiyo ndugu wawili wa tumbo moja huweza kutafautiana. Hapana jeni moja ya wasiwasi. Ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo.

Kuna urithi mwingine, na huu ndio unaogusa vidonge zaidi. Dawa ikishuka tumboni hupita katika ini, na ndani ya ini mna vimeng'enya, ambavyo tuseme ni kama mafundi, kazi yao ni kuivunjavunja dawa ili mwili upate kuitoa. Fundi mmoja mashuhuri ameitwa CYP2D6. Khabari yake ilijulikana kwa ajabu. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa dawa aitwaye Robert Smith, mjini London, alikula pamoja na wenzake dawa ya kushusha presha iitwayo debrisokwini ili waichunguze. Wenzake hawakudhurika, yeye presha yake ilishuka mno hata akashindwa kusimama. Kipimo ni kile kile na siku ni ile ile. Walipotafuta sababu wakaona kwamba ini lake halikuweza kuivunja dawa ile kama ya wenzake, na kwamba jambo hilo ni la kurithi. Mwaka 1977 Mahgoub na Smith na wenzao wakaitangaza khabari hiyo.

Basi watu katika jambo hili wana tabaka zao. Wako ambao fundi wao hafanyi kazi kabisa. Kwao dawa hujikusanya mwilini, kipimo kidogo kikawaletea kizunguzungu, kukauka kinywa, na moyo kwenda mbio. Wako ambao wana nakala za ziada za jeni hiyo, na mafundi wao ni wengi mno. Kwao dawa huvunjwa kabla haijafika ilikokusudiwa, na huonekana kama wamekula unga mtupu. Kati yao wako wa wastani na wazito. Katika watu wa Ulaya, 5 hata 10 katika kila 100 ni wale wa kwanza. Katika Ethiopia, uchunguzi wa mwaka 1996 ulikuta kiasi cha watu 29 katika 100 wana nakala za ziada, na katika Saudi Arabia walikutwa kiasi cha 20 katika 100. Na kwa watu wa Zimbabwe na Tanzania imeonekana kwa wingi nakala za namna nyingine ambazo hazikufa, lakini kazi yao ni ya polepole. Klomipramini, fluoksetini, paroksetini na fluvoksamini zote zina haja na fundi huyu. Setralini humtegemea zaidi mwenzake aitwaye CYP2C19, ambaye naye ana khitilafu zake katika watu.

Sisi watu wa pwani tumechanganyika damu. Mwaka 2023 walitangaza wataalamu matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, wakaonyesha kwamba tangu karibu miaka elfu watu wa miji hiyo walikuwa wa asili ya Kiafrika na asili ya Bara Asia, khasa Uajemi, kwa pamoja. Kwa hivyo katika mtaa mmoja, bali katika nyumba moja, aweza kupatikana mwenye ini jepesi na mwenye ini zito. Na asije mtu akasema, "Mimi babu yangu ni wa ukoo fulani, basi dawa yangu ni kadha." Ini halisomi shajara.

Jirani kuponywa na vidonge fulani si hoja, basi, juu ya jirani wa pili. Na yafuata pia kwamba ni makosa makubwa mtu kumpa mwenziwe vidonge vyake kwa huruma. Wangapi hufanya hivi! Klomipramini ikizidi mwilini huweza kuuharibu mwendo wa moyo na kuleta kifafa.

Urithi si peke yake. Yako na yale mtu anayoyafanya kila siku, nayo yana athari juu ya dawa kuliko wengi wanavyodhani.

Moshi wa sigara humzidishia nguvu fundi mwingine wa ini, CYP1A2, akazivunja upesi klomipramini na fluvoksamini. Mvutaji huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Na akiiacha sigara, jambo ambalo twalitaka na twalihimiza, yampasa amwambie daktari wake, kwani dawa ile ile sasa itapanda mwilini. Kahawa nayo, na sisi baraza zetu hazikai bila ya buli, ina khabari na fluvoksamini. Dawa hiyo humzuia fundi huyo huyo wa kuivunja kahawa. Kafeini ambayo nusu yake hutoka mwilini kwa kiasi cha saa 5, kwa mwenye kula fluvoksamini ilipimwa ikachukua saa 31. Mtu hunywa vikombe vyake vya kawaida baada ya alasiri, akakesha usiku kucha anatetemeka, akasema vidonge vimemtia wazimu. Vidonge havikumtia wazimu, ni buli.

Miraa na muguka ni mti mmoja, na ndani yake mna kathinoni, ambayo humkosesha mtu usingizi na kumtia khofu, na khofu ndiyo chakula cha wasiwasi. Tena uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Ethiopia na kutangazwa mwaka 2018 umeonyesha kwamba miraa humdhoofisha yule fundi CYP2D6 tuliyemtaja. Mwenye kuzichanganya na vidonge hivi hawezi kujua leo ana dawa kiasi gani mwilini, wala daktari wake hawezi kujua. Na dawa za maradhi mengine pia zina mambo yao: rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa huamsha mafundi wa ini wakazivunja dawa nyingi upesi. Mgonjwa asione haya kumtajia daktari kila anachokimeza, na kila anachokitafuna pia.

Jambo la mwisho katika haya ni nyumba. Mama aulizwa na mwanawe, "Mama, nimetawadha sawa?" Amjibu, "Ndiyo, mwanangu." Baada ya dakika mbili aulizwa tena, naye ajibu tena, hata mara ishirini, kwa mapenzi. Mume amchotea mkewe maji ya kuoshea nguo ambayo imekwisha oshwa. Imethibiti kwa wachunguzi kwamba nyumba inayomfuata mgonjwa katika kurudia kwake, nafuu yake huwa ndogo na tiba humkalia vibaya. Hatusemi akaripiwe. Aambiwe kwa upole, mara moja, "Hili tumekwisha kulijibu," kisha wanyamaze. Mtume mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita; basi mwenye kutilia birika moja kisha akafungiwa mfereji hakudhulumiwa.

Turudi kwa muulizaji. Yamepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alikuja kwa Mtume akilalamika tumbo la nduguye, akaamrishwa amnyweshe asali. Akarudi akisema hapana nafuu, akaamrishwa amnyweshe tena, na tena, mpaka nduguye akapona. Na Ibn al-Qayyim, alipoieleza hadithi hii, alisema kwamba dawa yataka iwe na kiasi kilingane na maradhi. Ikipungua haiondoi, na ikizidi hudhuru. Na katika Muslim imepokewa kwamba kila maradhi yana dawa, na kupona huja dawa inapoyapata maradhi kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Sisi twaona kwamba katika neno hilo la kuyapata ndimo lilimo jawabu. Kuwako kwa dawa ni jambo moja na kuyapata maradhi ni jambo jingine, na njiani baina yao pana ini la mtu, na kipimo, na muda, na yale anayoyala na kuyavuta.

Basi huyo jamaa yenu na arudi kwa daktari, na hapa Mombasa wako matabibu wa nafsi, hata katika hospitali ya serikali ya Port Reitz. Amweleze ukweli: amekula vidonge siku ngapi, amekosa siku ngapi, vimemdhuru vipi, na kama avuta, anywa au atafuna. Huenda akaambiwa aendelee mpaka zitimie wiki 12, au kipimo kipandishwe, au apewe setralini mahali pa fluoksetini. Zikishindikana mbili tatu, iko klomipramini, nayo hutakikana moyo upimwe kwanza, na ziko dawa ndogo za kuongezea. Kuna kipimo cha jeni cha kumjua fundi wa ini ni wa namna gani, na mwaka 2023 wataalamu walitoa mwongozo wa namna ya kukitumia kwa dawa za jamii hii. Uchunguzi mmoja uliofanywa Canada na kutangazwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wenye wasiwasi ambao CYP2D6 yao si ya kawaida walikuwa wamepita katika dawa nyingi zaidi zisizowafaa. Lakini kipimo hicho husema dawa itakaa mwilini kiasi gani. Hakisemi nani atapona. Asiyeweza kukilipia asidhani amenyimwa uzima, kwani daktari mwangalifu mwenye kusikiliza huweza kufika huko huko kwa kupandisha kidogo kidogo na kutazama.

Na kwa kuwa tutaulizwa juu ya Ramadhani, twasema kabisa: setralini na fluoksetini hunywewa mara moja kwa siku, basi aweza mtu kuzinywa kwa futari au kwa daku bila ya kuvunja saumu yake. Aliyeandikiwa mara mbili kwa siku amwendee daktari wake mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi, ili nyakati zipangwe upya. Asiziache ghafla, khasa paroksetini, maana kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na khofu kubwa, kisha mtu akadhani maradhi yamemrudia kwa sababu ya kufunga. Na ambaye daktari mwaminifu amemwambia kwamba hawezi kufunga kwa ajili ya tiba yake, huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na hukumu yake katika kula na kulipa ni ile ile tuliyoisoma katika mlango wa saumu.

Wallahu aalam.